Fungua Kabla ya Saa Sita

Tangu mwanawe mkubwa amletee kompyuta aliyokwisha kuichoka yeye, Bibi Maua hakuwa tena mjane wa kukaa dirishani kuhesabu wapitao. Alikuwa na kazi. Kila asubuhi, akishanawa uso na kunywa chai yake kavu, aliketi mezani, akavaa miwani, akachagua kadi yenye maua na kuituma kwa barua pepe kwa watu arobaini na watatu: watoto, wajukuu, wakwe, mawifi, wapwa, na daktari wa meno aliyewahi kumng'oa gego bila kumuumiza. Ndiko lilikotoka jina hilo. Jina alilopewa na wazazi lilibaki kwenye kitambulisho, likijipumzikia.

Kadi hizo zilikuwa na sheria, na mtunga sheria alikuwa yeye mwenyewe: ujumbe wa mama hufunguliwa na kujibiwa kabla ya saa sita mchana. Jibu lenyewe halikuwa kazi ngumu. "Shikamoo mama, nimeiona" ilitosha. Lakini asiyejibu alijulikana, na siku ya kukutana angepata chake. Mwanawe wa pili aliwahi kujibu akiwa kwenye kiti cha kinyozi, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado. Dada yake Bibi Maua, ambaye macho yalikwisha kumtupa mkono, alijibu kadi ya waridi kwa kuandika "ng'ombe mzuri sana huyo", akasamehewa kwa kuwa aliwahi saa nne.

Mgumu alikuwa mmoja tu, mkamwana wake, mke wa kitinda mimba.

Huyu alifanya kazi katika karakana ya miguu bandia. Mtu aliyekatwa mguu alifika pale, akakalishwa kwenye kiti kirefu, naye mkamwana akakizungushia kigutu chake kifaa cha kupiga picha, taratibu, kutoka goti kushuka, mpaka kompyuta ikawa na umbo zima la kigutu kile na kila kovu lake. Umbo hilo ndilo lililopelekwa kwenye mashine ya kuchonga, na kutoka hapo mafundi wakatengeneza kikombe cha mguu, pale kigutu kinapokaa. Kikombe kikibana kidogo tu, ngozi inachubuka. Kikipwaya, mtu anaanguka. Kwa hiyo kompyuta ya mkamwana ilikuwa kama ghala la miguu ya watu. Wakati wa zamani vipimo viliandikwa kwenye karatasi na mifano ya jasi ilipangwa kwenye rafu, lakini rafu zilijaa, jasi ikavunjwavunjwa, karatasi zikaachwa. Na ukutani, juu ya kompyuta ile, mkamwana mwenyewe alikuwa amebandika tangazo kwa mwandiko wake wa kunyooka: USIRUHUSU USICHOKIJUA.

Mtu wa namna hiyo hana nafasi ya kufungua maua. Wiki tatu zilipita hajajibu hata kadi moja.

Jumapili ukoo ulikusanyika kwa yule dada mtu, aliyetoka hospitali. Sebule ilijaa mpaka watu wakakaa kwenye mikono ya makochi. Bibi Maua alisubiri chai igawiwe, kila mtu ashike kikombe ili asiwe na pa kukimbilia, kisha akaanza kuzungumza na dada yake kwa sauti ya kunong'ona inayosikika mpaka jikoni. Akasema yeye ana bahati, wakwe zake wote ni watu wa kuitika. Isipokuwa kuna mmoja ni mtu wa ofisi. Huyo, mama mkwe akitaka kumsalimu, sharti aandike barua kwa mkuu wake wa kazi, aambatanishe picha mbili ndogo, asubiri siku saba.

Sebule nzima iliangua kicheko. Hata mume wa mtu alicheka, kisha akakumbuka ni mume wa nani, akajifanya anakohoa. Mkamwana alikoroga chai yake isiyokuwa na sukari na kutabasamu kwa mdomo tu.

Bibi Maua alirudi kwake amefurahi. Dongo lilikuwa limempata mlengwa.

Jumatatu asubuhi, alipofungua kompyuta yake, alikuta ujumbe kutoka kwa mtu aliyejiita rafiki wa zamani. Ulisema: "Nimekuletea kadi yenye uhai." Bibi Maua alifikiri ni nani kati ya rafiki zake wa zamani aliye hai na anayejua kompyuta, akakosa jibu, lakini kadi yenye uhai ilimvuta. Akaifungua. Kabla ya kitu chochote kuonekana, kompyuta ilimuuliza: Ujumbe huu una programu ndani yake. Je, unairuhusu ifanye kazi? Chini kulikuwa na vitufe viwili, Ruhusu na Kataa.

Aliusoma mara mbili. Hakuelewa programu ndani ya barua ni kitu gani, ila aliuelewa ule ustaarabu: mgeni amefika mlangoni, amebisha, anaomba kupita. Tangu azaliwe hakuwahi kumwambia mgeni Kataa. Akabonyeza Ruhusu.

Waridi likafunguka jani kwa jani. Ndege akatua, akaimba, akaruka. Bibi Maua aliitazama mara nne, akasema peke yake kwamba hii sasa ndiyo kadi, zile nyingine ni karatasi za kufungia sabuni. Kisha akaenda kuanika nguo.

Alipokuwa akibana shati la tatu kwenye kamba, kile kilichokuwa ndani ya waridi kilikuwa kinafanya kazi iliyokileta.

Simu zilianza kabla ya mchana. Mpwa wake alitaka kujua shangazi ametuma nini, maana kompyuta ya nyumbani imegeuka jiwe. Mwanawe mkubwa alisema picha zake zote za harusi hazifunguki, na kwa namna alivyolisema hilo haikueleweka kama analia au anashukuru. Daktari wa meno hakupiga simu, jambo lililomsumbua zaidi. Bibi Maua aliwaapia wote kwamba hajatuma kitu, leo hata kadi ya kawaida hakuituma. Nao wote wakamjibu kitu kimoja, kwamba imetoka kwake, kwa jina lake.

Jumanne mchana akaja kitinda mimba. Hakuketi. Alisimama karibu na friji akikwangua kibandiko chake kwa ukucha, na mama yake akajua kuna jambo, kwa sababu hivyo ndivyo alivyofanya pia akiwa na miaka minane.

Alieleza kwa kifupi. Kompyuta ya karakana imeharibika, maumbo yote yamefungwa kwa namna isiyofungulika. Ile diski ya akiba ilikuwa imechomekwa kwenye kompyuta hiyohiyo, nayo ikaenda na maji. Watu kumi na tisa waliokwisha kupimwa hawana vipimo tena. Mmoja wao ni mwalimu wa shule ambaye mguu wake ulikuwa uchongwe wiki hiyo, awahi kufungua muhula. Na mkewe ameambiwa akae nyumbani mpaka Alhamisi, siku ya kikao, na mkuu wa karakana amekwisha kusema kwamba mtu asiyeeleza alikitoa wapi kitu kile hafai kuaminiwa miguu ya watu.

"Kwani hajaeleza?" Bibi Maua akauliza.

"Anasema kimetoka kwa mtu anayemfahamu. Wakimuuliza mtu gani, ananyamaza. Wanafikiri alikuwa anacheza michezo kazini, au anamficha mtu mwenye nia mbaya."

"Na wewe umemuuliza?"

Kitinda mimba aliacha kukwangua. "Ameniambia, jina la mama yako silitaji mbele ya watu baki. Ameniambia nami nisikwambie. Sasa nimekwambia."

Akaenda zake. Bibi Maua alibaki mezani, mbele yake kompyuta imezimwa. Kitu kilichomuuma hakikuwa kile alichokitarajia. Angeweza kustahimili kushitakiwa. Alikuwa na majibu ya kutosha ya kujitetea, na mengine ya kumpa jirani. Lakini mkamwana aliyechekwa sebule nzima, Jumapili, na mama mkwe, Jumanne anakaribia kufukuzwa kazi ili jina la mama mkwe huyohuyo lisichekwe. Hilo hakulipatia jibu. Alijaribu kuwaza kwamba labda mkuu wa karakana ataghairi. Alijaribu kuwaza kwamba yeye ni mtu mzima, hapaswi kwenda kujianika katika ofisi za watu na kuitwa bibi kizee aliyedanganywa na ndege wa kuchora. Mawazo yote mawili yalikuwa mazuri na hakuna lililompa usingizi.

Alhamisi alivaa gauni lake la kwendea misiba, akaifunga kompyuta katika taulo, akaitia ndani ya mkoba wa sokoni, akaenda.

Karakana ilinuka gundi na plastiki iliyochomwa. Kwenye rafu ya mapokezi nyayo za bandia zilikuwa zimepangwa kwa ukubwa, za kushoto juu, za kulia chini. Alimwambia mpokezi kwamba amekuja kwenye kikao. Mpokezi akamuuliza yeye ni nani katika kikao hicho. Bibi Maua akamjibu kuwa yeye ndiye kirusi chenyewe, akaonyeshwa mlango.

Ndani walikuwa watatu. Mkuu wa karakana alikuwa mwanamke mwembamba mwenye miwani aliyoivua kila alipotaka kusema. Fundi wa kompyuta alikuwa bwana mnene aliyekaa pembeni na mafua yake na leso yake. Na mkamwana, aliyekaa kwenye kiti kile kirefu cha kupimia kwa kuwa viti vingine havikutosha, miguu inaning'inia kama mgonjwa. Alipomwona mama mkwe alifumba macho.

Bibi Maua alisalimu, akafungua taulo, akaweka kompyuta mezani. "Kilitoka humu," alisema. "Na aliyekiruhusu ni mimi. Huyu anawanyamazia kwa ajili yangu. Muulizeni sasa kama naongopa."

Mkuu alivua miwani. Alimtazama fundi.

Fundi aliiwasha ile kompyuta bila kuiunganisha na chochote, akaipekua kwa dakika kadhaa akivuta kamasi. Kisha akasema ndiyo, ni chenyewe. Kilifunguliwa hapa saa mbili na dakika nne asubuhi ya Jumatatu, na saa mbili na dakika tano kilikuwa kimekwisha kwenda kwa watu arobaini na watatu. Akaeleza kwa lugha ambayo Bibi Maua angeweza kuifuata. Barua ya kawaida ni maneno, haina mikono. Huwezi kuumwa na maneno ya barua. Lakini barua yenye programu ndani imekuja na mtu wake, na ukimruhusu anatoka kwenye bahasha, anasimama, anafanya kwa mikono yako kila unachoweza kufanya wewe. Ukiweza kufuta, anafuta. Ukiweza kutuma, anatuma, na anatuma kwa jina lako. Kompyuta hairuhusu waridi peke yake na kumwacha mwingine nje. Imeambiwa ruhusu, basi imeruhusu wote.

"Haya," Bibi Maua akasema. "Lakini huyu mwanangu si kama mimi. Yeye amesoma, na tangazo lile ameliandika yeye. Kwa nini alikiruhusu?"

Fundi aligeuza kompyuta ili wote waone ujumbe ulivyomfikia mkamwana. Alisema vidude vya siku hizi vinapekua barua ulizowahi kumwandikia mtu, vinachukua maneno yako mwenyewe ili mtu asishtuke. Kwenye kioo palisomeka: Mwanangu, mama amekutumia kitu. Fungua kabla ya saa sita. Usinifanye niandike mara ya pili.

Bibi Maua aliyatazama maneno yale muda mrefu kuliko alivyolitazama lile waridi. Hakuna lililokuwa geni. Koma zilikuwa zake. Aliyekiandika kile kidude, popote alipo, hamjui yeye wala mwanawe wala ukoo wao, na bado kimeingia ndani ya barua zake za miaka mitatu, kikatafuta katika maneno yote ya mapenzi, pole, hongera na dua, kikachagua hayo. Kilijua lipi linamfanya mtu abonyeze bila kufikiri.

"Nilikijua nilichokiruhusu," mkamwana alisema polepole. Ndiyo mara yake ya kwanza kufungua mdomo. "Tangazo linasema usiruhusu usichokijua. Nilimjua. Nikasema, leo sitakuwa mtu wa ofisi."

Mkuu wa karakana aliuliza mtu wa ofisi maana yake nini. Mkamwana akasema ni mambo ya nyumbani. Bibi Maua akasema hapana, si ya nyumbani tena, akayarudia mwenyewe yale maneno ya Jumapili, barua kwa mkuu, picha mbili ndogo, siku saba, neno kwa neno, bila kuyapunguza makali. Mbele ya watu wasiohusika nayo hayakuchekesha hata kidogo. Ilikuwa kama kumwonyesha mtu gego lililong'olewa.

Mkuu alivaa miwani, akaivua tena. Alisema anashukuru kwa kuelezwa, na kwamba angeelezwa siku ya kwanza wasingefika hapa. Alisema kosa limebaki kosa, kwa sababu watu kumi na tisa hawawezi kuvaa maelezo. Mkamwana atabaki kazini, lakini atampigia simu kila mmoja wa hao kwa mdomo wake, amweleze kilichotokea, ampime upya. Vipimo vitaandikwa kwenye karatasi pia. Diski ya akiba itachomolewa kila ikimaliza kazi na kufungiwa kabatini. Fundi atazima kabisa uwezo wa barua kuendesha programu katika kompyuta za karakana, watu wasiwe wanaulizwa swali ambalo kulijibu vibaya ni kubonyeza mara moja. Na kitu chochote kitakachokuja kimeambatanishwa, hata kikitoka kwa mkuu mwenyewe, hakifunguliwi kabla mtu hajampigia simu aliyetuma, akasikia sauti yake, akamuuliza kama ni yeye.

"Hata akiwa mama?" mkamwana akauliza.

"Mama kwanza," mkuu akasema.

Kwenye korido walitembea mpaka kwenye zile nyayo. Hapo mkamwana alisimama. Alisema alikuwa amekwisha kulimeza jambo hili, na sasa mama amekuja kulitapisha mbele ya mkuu wake. Hakulisema kwa hasira, wala hakulisema kwa upole. Bibi Maua alimjibu kwamba angelimeza lingemkaa hapa, akajigusa kifua, na kila kadi ingekuwa inaligonga.

"Usinijibu tena kadi," alisema. "Nimeifuta ile sheria. Ukiona jina langu, pita."

Lilimtoka kwa shida. Mtu asiyeishi peke yake hawezi kujua saa nne asubuhi ilivyo ndefu kabla mtu wa kwanza hajajibu, na ilivyo ndefu zaidi asipojibu. Mkamwana alimtazama, akachukua ule mkoba wa sokoni kutoka mkononi mwake, akambebea hadi kituoni.

Wiki iliyofuata Bibi Maua aliomba apelekwe kwa yule mwalimu. Alimkuta uani kwake anasahihisha madaftari, magongo yameegemezwa ukutani. Amefungua muhula kwayo, alisema, na darasa la nne sasa linaiga mwendo wake. Bibi Maua akamwambia kwamba yeye ndiye chanzo. Mwalimu aliendelea kutia alama mpaka mwisho wa ukurasa. Kisha akasema hana kinyongo naye, ila amechoka kusubiri, na mambo hayo mawili asiyachanganye. Bibi Maua alitaka kutia utani kidogo, akauona mguu mmoja wa suruali umekunjwa na kubanwa kwa pini mbili, akauacha. Mguu mpya ulimfikia mwalimu siku kumi na sita baadaye. Kati ya wale kumi na tisa wawili hawakurudi kabisa kupimwa, na simu zao hazikupokelewa. Mkamwana aliendelea kuwapigia kila Ijumaa.

Barua za Bibi Maua zikawa maneno matupu. Fundi alimwekea kompyuta yake namna hiyo, hakuna kadi, hakuna ndege, hakuna kuruhusu. Aliandika tu: nimeamka salama, mvua imenyesha, goti la kulia linasumbua. Mara moja, kwa kuwa hakuweza kujizuia, aliambatanisha picha ya ua lililochanua kwenye kopo lake dirishani, akaituma kwa wote. Kwa mkamwana aliituma kwa mazoea, akakumbuka alichomwambia, akajuta.

Saa nne na robo simu ikalia.

"Mama, shikamoo. Kuna picha imekuja kwa jina lako. Ni wewe uliyetuma?"

Bibi Maua alikaa vizuri kwenye kiti. "Marahaba. Nami nitajuaje kama wewe ni wewe? Dunia imeharibika. Jana mlikula nini?"

Mkamwana akataja walichokula. Akaulizwa nani alipika. Akasema mume wake. Bibi Maua akasema basi huyo si yeye, mwanawe hajui kupika, simu hii ina kirusi. Mkamwana alicheka, na nyuma yake ilisikika mashine ya kuchonga ikivuma. Walithibitishana kwa dakika ishirini.

Kuanzia hapo Bibi Maua alimtumia mkamwana picha moja kila siku ya kazi, na kila siku ya kazi akapigiwa, kama sheria ya karakana ilivyotaka. Hakumweleza mtu yeyote. Alitambua kwamba anaitumia sheria ya watu kama alivyoitumia ile yake, kumshurutisha mtoto wa mwenzie amkumbuke, ila mara hii kwa mlango wa uani. Alilifikiria hilo siku mbili tatu huku anamwagilia lile kopo. Kisha Alhamisi moja akaamua asitume kitu. Akafagia, akafua, akakaa mbali na meza. Saa nne ikapita. Ikapita na robo. Akajisemea vizuri, ndivyo inavyotakiwa, mtu ana kazi zake.

Saa tano kasorobo simu ikalia.

"Mama," mkamwana akasema, "leo sijaona kitu kutoka kwako. Napiga kuthibitisha kwamba hujatuma."